Chaneli ya Pili

Katika miaka ya tisini nilikuwa mpokeaji wa redio koli katika ofisi ya shirika moja la zahanati, mjini Meru. Mezani nilikuwa na redio mbili, moja ya chaneli ya kwanza, nyingine ya chaneli ya pili. Zahanati zetu zote, kutoka Kangeta hadi nyanda kavu za Siakago, ziliniita mimi, kwa jina la redio "Base", na mimi ndiye niliyegawa zamu ya kuzungumza. Mmoja akibonyeza kitufe, wenzake kwenye chaneli hiyo hunyamaza, wapende wasipende. Aliyemaliza husema "ova", aliyesikia husema "roja". Kwa hiyo tulikuwa na kanuni, imepigwa taipu na kubandikwa ukutani: ya kwanza ni ya wagonjwa mahututi na magari, mengine yote yaende ya pili. Nami nilikuwa na ruhusa ya kumkatiza yeyote.

Kanuni hiyo aliifuata sista mmoja tu, wa zahanati ya bondeni, ng'ambo ya Siakago. Wengine walisongamana chaneli ya kwanza kama ng'ombe kwenye kihori kimoja, cha pili kikiwa kitupu. Ya kwanza ilisikika ofisini kwa mkurugenzi, basi watu wazima wenye vyeti vyao waliona kwenda ya pili ni kushushwa cheo. Karani wa stoo aliniambia bila haya kwamba ya pili ni ya wapishi. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kulinda sabuni.

Bingwa wao alikuwa mkurugenzi, yuleyule aliyetia sahihi ile kanuni. Asubuhi moja alikuwa akimposea mwanawe, akataka zahanati ya Kangeta imtafutie kitita cha miraa ya kupeleka kwa wakwe. Desturi yetu siidharau. Namdharau yeye.

"Ifungwe na majani ya mgomba, si gazeti! Umeskia? Na iwe fresh, ova!"

Katikati ya hayo sauti nyembamba ikapenya.

"Base, samahani sana, ni sista wa bondeni. Niko na mgonjwa..."

"Base!" mkurugenzi akanguruma. "Nani huyo anaingilia maneno yangu? Peleka yeye channel two!"

Nami nikampeleka. Kwa mdomo wangu huu.

Kwenye ya pili akanieleza upesi: mama mmoja alikuwa akivuna ndengu, nyoka akamuuma mkononi, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Dawa ya sumu hana. Dawa ilikuwa kwenye gari letu, lililotoka Embu asubuhi hiyo kurudi Meru, na lilikuwa bado halijafika njia panda ya kwenda Siakago. Lakini redio ya gari ilikuwa chaneli ya kwanza, na chaneli ya kwanza ilikuwa kwa wakwe.

Ningeweza kumkatiza mkurugenzi. Kila alipoachia kitufe ili ajibiwe kulikuwa na nafasi ya kutosha kusema, "Mkubwa, ondoka, kuna mgonjwa." Nafasi hizo nilizisikia zote. Nilikaa na maikrofoni mkononi nikimngoja mheshimiwa amalize, kwa adabu, kwa sababu niliogopa kazi yangu. Nikimwita mjinga, mimi niitwe nani?

Alipomaliza, saa nzima na zaidi ikiwa imepita, nikampata dereva. Alikuwa Nkubu, anakunywa chai. Njia panda alikuwa ameipita zamani.

Dawa ilifika jioni.

Siku chache baadaye, kwenye mwito wa asubuhi, kila zahanati ilitoa habari zake chaneli ya kwanza, kwa mbwembwe kama kawaida. Zahanati ya bondeni haikusikika. Nilipogeukia redio ya pili nikamkuta sista ananiita, sijui tangu saa ngapi.

"Base, yule mama yuko hai. Lakini mkono umekatwa. Na pole kwa kuingilia mkubwa siku ile, ova."

Nilibonyeza kitufe. Chaneli ilikuwa tupu, hakuna mwingine aliyeingoja, ningeweza kusema chochote.

"Roja," nikamjibu. "Ova."