Kizingiti cha Bibi Mwanahawa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Mbagala hakuna aliyevuka kizingiti asubuhi kabla Bibi Mwanahawa hajakikagua. Alikuwa mama yake mama, muuza vitumbua, na aliamini kwamba adui hakupigi rungu. Anakutegea kitu cha kichawi mlangoni ukikanyage. Basi tulisimama na mabegi ya shule mgongoni, tukimngoja amalize kuinama.

Kidonda kilipomtoka kwenye unyayo, hakuuliza ni nini. Amekanyaga. Na wa kumshuku alikuwepo: Mama Zena, jirani tuliyechangia naye choo cha uani, naye muuza vitumbua. Hospitali hakutaka hata kuisikia, maana wakubwa walisema ugonjwa wa kutupiwa ukichomwa sindano unaondoka na mtu. Akakifunga kwa majani. Kidonda kikaanza kunuka. Nililala naye kitanda kimoja, nikaogopa kusema.

Siku moja Mama Zena akabisha hodi.

“Shikamoo, mama. Ukitoka chooni sisimizi wanajaa. Hata mie walinianza hivyo hivyo. Hiyo ni sukari, si mtu.”

“Umekuja kuangalia kazi yako?” Bibi akamjibu.

Mama Zena akavua kandambili, akaunyoosha mguu. Vidole viwili havikuwepo. Miaka yote ile sikuwahi kuviangalia.

“Nilikaa ndani miezi namtafuta mchawi, vidole vikaenda,” akasema. “Na mchawi mwenyewe nilisema ni wewe.”

Bibi akacheka mpaka akajishika mbavu. Alipomaliza akanigeukia: “Mjukuu wangu, niletee baibui.”

Kliniki walimsafisha kidonda, wakampa dawa, wakamkalisha darasani na wenzake. Huko akafundishwa kwamba mwenye sukari huweza kukanyaga msumari asisikie, hivyo nyayo zikaguliwe kila siku. Bibi akarudi nyumbani amevimba kichwa. Kukagua alikuwa amekuanza zamani, ila alikuwa akikagua pasipo penyewe!

Kidonda kilichukua miezi kufunga. Kuonja vitumbua aliniachia mimi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Lakini kila asubuhi alikaa palepale kizingitini, mimi nikimshikia kioo chini ya unyayo, na Mama Zena akaja kukaa naye. Baadaye wakaja wengine wa mtaani. Bibi aliishia darasa la pili, lakini aliwavua watu wazima viatu na kuwafokea juu ya kucha zao, na walimsikiliza kuliko muuguzi. Nilijivuna shule nzima kwamba yule ni bibi yangu. Najivuna mpaka leo.

Watu huniambia imani za wazee zilituponza. Zilituponza kweli, nusura zimpoteze Bibi. Lakini ile tabia ya kuinama na kuangalia ilitoka hukohuko, nami siionei haya.

Alifariki kwa uzee, miaka mingi baadaye. Mama Zena alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alipotoka chumbani macho yalikuwa mekundu, lakini alinyanyua uso alipotuambia: “Miguu yote miwili. Vidole kumi.”