Michungwa ya Bi Tatu Ilivyokunywa Uji

Jamani, kuna aibu ukiisimulia inapungua na kuna aibu ukiisimulia inanenepa, na hii yangu ni ya aina ya pili, lakini kwa kuwa Ujiji nzima wanaijua (na Bangwe, na Mwanga, na nasikia hata kule Kibirizi kuna mchuuzi wa dagaa anaisimulia kwa kuongeza chumvi), afadhali niiseme mwenyewe nipate nafasi ya kujitetea, ingawa tukifika mwisho mtaona sina la kujitetea.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, mitumbwi inashusha watu kutoka ng'ambo karibu kila siku, Warundi na Wakongo, mji umefurika na sokoni kumejaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona. Mimi nilikuwa fundi baiskeli pale Mwanga, kijana mtanashati kwa maoni yangu mwenyewe, na moyo wangu wote ulikuwa Ujiji kwa binti mmoja anaitwa Sauda. Sauda alinipenda, hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mama yake, Bi Tatu, mjane mwenye sauti ndogo na macho makubwa, ambaye mali yake duniani ilikuwa ni huyo binti na michungwa minane aliyoachiwa na marehemu mumewe nyuma ya nyumba.

Michungwa ilikuwa inaumwa. Majani yalitoka madoa meusi yenye duara la njano, yakadondoka, machungwa machanga nayo yakatoka mabaka kama mtoto mwenye mapunye na kudondoka kabla ya kuiva. Msimu uliopita Bi Tatu hakupata hata kikapu cha kumpelekea kaka yake. Basi nilipokwenda kujipendekeza (nimebeba sukari na kanga, nimepiga magoti, shikamoo yangu unaisikia hadi barabarani), akaniitikia marahaba kisha akasema, "Mwanangu, mjomba wako ameleta salamu zenu. Jumapili ijayo waje, kaka yangu Kasimu atakuwepo. Ila mimi nataka kuiona mikono yako. Kama unaweza kuitunza michungwa yangu, na binti yangu utamtunza." Nikajibu haraka, kabla hata hajameza mate, "Mama, hiyo kazi ndogo."

Sasa pale nyumbani alikuwa anakaa Mzee Bonifasi, Mrundi aliyevuka ziwa na mke wake, Bi Tatu akawapa chumba cha uani. Kwao, juu milimani kwenye baridi, alikuwa akitunza bustani ya matofaa, na alinieleza kwamba matofaa nayo yana ugonjwa wake wa madoa, binamu wa huu wetu. Akanizungusha mti kwa mti. "Mwana wanje," akaniambia, ndiyo mwanangu kwa Kirundi, "huu ugonjwa haukai juu, unalala chini. Jani lililoanguka ndiyo nyumba yake. Mvua ikinyesha, unaruka kutoka kwenye jani bovu unarudi mtini. Kwa hiyo unafagia, kila asubuhi, majani yote na machungwa yote yaliyooza, unayafukia kwenye shimo refu. Halafu unapunguza matawi ya ndani upepo upite, majani yakauke upesi. Ukishamaliza hayo yote, ukitaka, unapulizia maziwa kidogo kwenye maji mengi. Lakini maziwa ni chumvi tu. Mboga yenyewe ni ufagio."

Mimi hapo kwenye ufagio nikaacha kusikiliza. Hebu jiwekeni kwenye nafasi yangu: mwanaume mzima, muoaji mtarajiwa, niiname na ufagio wa njiti za mchikichi kwenye ua wa mkwe, majirani wanachungulia, watoto wa madrasa wanapita, na Sauda ananiona! Kwetu sisi mwanaume anashika jembe, anashika panga, anashika nyavu, ufagio anaushika siku mkewe amejifungua, tena amefunga mlango. Nikajiambia, Mzee Bonifasi ni mtu wa milimani, hajui heshima za mjini. Nikaamua nitafanya kile kipande cha maziwa peke yake, maana kupulizia dawa ni kazi ya kiume, una bomba mgongoni unaonekana mtaalamu. Huo ndio uamuzi wenyewe. Kila kilichofuata kilizaliwa pale.

Maziwa mabichi sikuyapata ya kutosha. Nikaenda sokoni, mama mmoja ana gunia la unga mweupe usio na maandishi, ninamuuliza kama ni maziwa ya unga, anasema, "Maziwa yamo." Nikalamba, tamu, harufu ya maziwa ipo. (Hakusema uongo, yule mama. Maziwa yalikuwemo. Yalikuwemo pamoja na mahindi, soya na sukari, maana ulikuwa ni unga wa uji wa lishe wa watoto wa kambini.) Nikanunua ndoo nzima, na kwa kuwa Mzee alisema maziwa kidogo maji mengi, mimi nikaona ugonjwa ni mkubwa, nikaweka maziwa mengi maji kidogo.

Alhamisi jioni nikaazima bomba la chuma la kizamani, lile unalifunga kifuniko kwa kukaza, unajaza upepo kwa kushindilia, kisha unalibeba mgongoni. Nikapulizia miti minne. Mdomo wa bomba ulikuwa unaziba kila dakika na mimi sikujiuliza maziwa gani haya yanaziba. Sauda akatoka kuniangalia, nikavimba kifua, nikawa napulizia hata mahali ambapo hapana jani. Mzee Bonifasi alikuwa amekwenda kambini kumwona dada yake. Bi Tatu akaniuliza mara moja tu, "Na ufagio?" nikamjibu, "Mama, hii dawa ya kisasa, haihitaji ufagio." Giza likaingia, bomba bado nusu, nikalikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote za ufundi baiskeli nikaliegemeza nyuma ya jiko, ukutani, mahali ambapo jua linapiga kutwa. Nikaenda zangu.

Ijumaa jua kali. Jumamosi jua kali zaidi, mvua ilikuwa imekata siku kadhaa.

Jumapili asubuhi, siku yenyewe ya posa, Sauda akanitumia ujumbe kwa shoga yake. Ujumbe ulikuwa hivi: miti minne imekuwa myeupe pepepe, halafu juu ya weupe umeota ukungu wa kijivu wenye manyoya, nzi na nyuki wamejaa, mbuzi wa jirani wanalamba mashina, na mama tangu alfajiri anafukuza mbuzi. Nikapagawa. Akili yangu (tuiite akili kwa heshima) ikaniambia kwamba ugonjwa umepanda kwa sababu dozi haikumalizika. Hospitali si wanasema, ukiacha dozi katikati ugonjwa unarudi na hasira? Na nusu bomba lilikuwa bado lipo kule nyuma ya jiko.

Lakini posa ni posa, na mnajua wote kwamba muoaji hakanyagi kwenye posa yake. Anakaa nyumbani anatetemeka, wazee wanazungumza, majibu anayasikia baadaye. Mimi nikasema nitapitia nyuma, kwenye uzio wa michongoma, hakuna atakayeniona. Nikachanika suruali mahali ambapo sitapataja. Nikalipata bomba. Lilikuwa la moto, na kifuniko kilikuwa kinatoa sauti nyembamba, fiii, nikadhani ni upepo wangu wa Alhamisi, nikafurahi kwamba sina haja ya kushindilia tena. Nikalibeba mgongoni nikapanda mchungwa wa kwanza, uliokuwa mgonjwa kupita yote, ambao kwa bahati yangu njema matawi yake yaliinamia ndani ya ua. Mchungwa una miiba, jamani. Kila mwiba nilioukuta ulinisalimia.

Kutoka juu nikawaona. Wamekaa kwenye mikeka: mjomba wangu Hamisi, ambaye ndiye mshenga wangu, mwenye maneno matamu kuliko asali; Bi Tatu, na Mzee Kasimu, kaka yake, aliyekuja na kanzu nyeupe ambayo inaonekana ilivaliwa siku hiyo mara ya kwanza. Mzee Bonifasi naye alikuwa amerudi kutoka kambini, kakaa pembeni kwa heshima. Na nyuma ya pazia la mlango niliona jicho la Sauda, na jicho likaniona mimi, likatoka kama limekabwa.

Mjomba alikuwa anasema, "Kijana wetu ni mtulivu. Hana papara. Jambo akilishika analishika kwa adabu na elimu."

Nikabonyeza mkono wa bomba. Hakuna kitu. Mdomo umeziba. Nikabonyeza tena. Mzee Kasimu akainua pua, akanusa. "Tatu," akasema, "hapa nyumbani kwako mnapika pombe?" Bi Tatu akasema, "Astaghfirullahi, kaka!" Na mimi juu, nikaona dakika zinakwisha, nikavua bomba nikalipakata kifuani, nikaanza kulegeza kifuniko ili nichokonoe ndani.

Uji ulikuwa umekaa juani siku tatu, na sukari, ndani ya chuma, umefungwa na fundi.

Sikusikia mlio, nilisikia kimya baada ya mlio. Kifuniko kilipaa hadi kwa jirani. Kilichokuwemo kikatoka chote kwa mara moja, chachu, povu, mabonge, kikanipitia usoni kikamalizikia kwenye ile kanzu mpya, na mimi nikafuata nyuma yake tawi baada ya tawi hadi kwenye mkeka, katikati ya sahani ya kashata. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilibaki zima.

Mzee Kasimu alijipangusa ndevu polepole. Alikuwa ananuka kama kilabu. "Huyu," akauliza, "ndiye nani?"

Mjomba Hamisi, damu yangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, akanitazama uji ukinidondoka puani akasema, "Sisi huyu hatumjui."

Nyuma ya pazia nikasikia Sauda anacheka, kicheko cha kujizuia kilichoshindikana. Hicho ndicho kilichoniuma kwanza siku ile, lakini subirini, kulikuwa na kingine. Mzee Bonifasi alisogea, akachovya kidole kwenye bega langu, akalamba. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Huu ni uji wa watoto, mwana wanje. Jana nimemwona dada yangu amepanga foleni tangu asubuhi na mjukuu mgongoni kwa ajili ya kikombe cha huu. Wewe umeinywesha miti." Hakuna aliyecheka tena. Nawaambieni kweli, ningepigwa ningeona nafuu. Niliona haya mpaka leo nikisimulia hapa nashusha sauti.

Bi Tatu akainuka akaingia ndani. Nikajua anakwenda kuleta ile sukari na zile kanga anirudishie. Akatoka na ufagio. Ufagio wa njiti, wa kuinamia, akautupa miguuni pangu.

"Shika."

"Mama, mbele ya wazee..."

"Shika. Leo unafagia, na kesho, na kila asubuhi kabla hujafungua karakana yako. Machungwa yangu yakitoka safi, mlete tena huyo mjomba wako asiyekujua."

Nikafagia. Jumapili, mchana, majirani wamejaa kwenye michongoma kama wako uwanja wa mpira, watoto wa madrasa wananihesabia, moja, mbili, ufagio, moja, mbili, ufagio. Na nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, msimu wote wa mvua na kiangazi na mvua tena. Nilikuwa natoka Mwanga na baiskeli alfajiri, ufagio nimeufunga kwenye keria ya nyuma, mji mzima wananiita Bwana Ufagio. Mzee Bonifasi alinifundisha kuosha miti, kukata matawi ya ndani mpaka ukisimama kwenye shina unaona mbingu, kuchimba shimo na kufukia uchafu wote usibaki hata jani. Maziwa? Tulipulizia mara mbili tatu, ya ng'ombe, mepesi kama maji ya kuoshea kikombe. Ile miti minne iliyokunywa uji ilidondosha karibu kila kitu mwaka ule. Msimu uliofuata ndipo ilipozaa kama wenzake, machungwa safi, doa moja moja hapa na pale, Bi Tatu akayageuza mkononi moja baada ya jingine asione pa kunishika, akapeleka kikapu cha kwanza kwa Mzee Kasimu. Kikapu kilirudi na salamu: waje, ila muoaji afungiwe ndani.

Siku ya harusi Mzee Bonifasi, ambaye hakuwa na kitu, alinipa zawadi ya ufagio alioufunga mwenyewe kwa utepe mwekundu. Watu walicheka hadi wakalia, na mimi nikacheka, nikalia kidogo.

Alikuja kurudi kwao amani ilipotulia. Baada ya muda mrefu abiria mmoja wa meli akaniletea salamu zake. Hakuuliza habari za ndoa wala za watoto, kauliza kitu kimoja tu, kama majani yanafagiwa. Nikamwambia yule abiria amwambie yanafagiwa, kila asubuhi, na mimi mwenyewe, mlango wa ua ukiwa wazi, kila apitaye aone. Na uji, wallahi, naunywa kwenye kikombe.