Kulala Ravenna au Kurudi Bologna

Saa moja na dakika kumi jioni, Ijumaa, niliagana na mke wangu Nuru katika uwanja wa ndege wa Johannesburg. Mimi ni Mtanga, fundi wa lifti huko Sandton, na mwajiri wangu alikuwa ananipeleka Bologna, Italia, kujifunza mtambo mpya. Nuru alinipa mfuko wa visheti. "Mpelekee Salma," alisema. "Na ukae naye, usimkague kama lifti halafu ukaondoka."

Salma ni mtoto wetu wa pekee, mzaliwa wa Johannesburg. Yuko Ravenna, safari ya saa moja na kidogo kwa treni kutoka Bologna, anajifunza kukarabati mosaiki, yaani picha za vipande vidogo vya kioo na mawe. Kabla ya safari nilimuuliza Kassimu, Mzanzibari tunayeswali naye Braamfontein, ambaye zamani alifanya kazi melini na anaijua Italia, mji huo unahitaji muda gani. "Ravenna? Saa mbili zinakutosha, sheikh. Zungusha shingo, umemaliza." Nikaona ni sawa. Nililipia hoteli ya Bologna usiku mmoja zaidi kwa fedha yangu, nikakata tiketi ya kwenda Ravenna na kurudi siku ile ile.

Salma alipojua aliniandikia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba siku moja haitoshi. Tangu aondoke nyumbani hakuwa ameniomba kitu kingine.

Bologna, asubuhi baada ya mafunzo kwisha. Treni ilipita kwenye tambarare, mashamba ya matunda pande zote mbili. Salma alinipokea kituoni, vumbi la chokaa kwenye mikono ya koti lake. Alinipeleka moja kwa moja kwenye jengo dogo la kaburi la kale karibu na kanisa la San Vitale. Kwa nje ni matofali matupu, ungedhani ghala. Ndani, dari lote ni mosaiki ya buluu ya usiku yenye nyota za dhahabu. Salma alinieleza kwa Kiingereza cha darasani. Nilishika nusu.

Mchana tulikwenda anakoishi, kwa Bi Mwanaisha, Mmombasa anayelea wazee mjini humo.

"Karibu, baba Salma. Hapa kwangu Kiingereza huachwa mlangoni pamoja na viatu. Mwanao ajua hayo."

Nilitabasamu nikidhani ni mzaha. Nyumbani kwetu Joubert Park, Johannesburg, kila tulipomsemesha Salma Kiswahili, alitujibu Kiingereza. Alivua viatu, akaketi, akaendelea pale alipoachia, sasa kwa Kiswahili.

"Baba, vile vipande havikulazwa sawasawa. Kila kimoja kimeinamishwa kidogo, makusudi, ili mwanga uvunjike. Ukivilaza kama vigae vya bafuni, ukuta wafa."

"Wafa?" nilisema. "Umekuwa Mmombasa?"

"Mlituletea bubu," alidakia Bi Mwanaisha. "Nyinyi Watanga mwazaa, sisi twafunza."

Nilikula wali, namsikiliza mwanangu akitaja chokaa, gundi, nyufa, unyevu, kila kitu kwa jina lake.

Alasiri nilisimama kuchukua koti. Treni yangu ilikuwa karibu kuondoka.

"Baba, hukuliona kaburi likipata jua la asubuhi," Salma alisema. Kisha kwa sauti ndogo, "Lala."

Bi Mwanaisha alikuwa keshatoa godoro.

Asubuhi tulikuwa wa kwanza mlangoni. Madirisha ya kaburi hayana kioo. Ni mabamba membamba ya jiwe, na jua lilipita ndani yake likiwa rangi ya asali. Nyota zikaamka moja baada ya nyingine, kila kipande kikivunja mwanga kama alivyosema. Mzee mmoja Mwitaliano, aliyekuwa akitusikiliza, alimuuliza Salma jambo. Salma alimjibu, kisha akanigeukia.

"Ameuliza tunaongea lugha gani. Nimemwambia, ya kwetu."

Nilirudi Bologna adhuhuri kuchukua mzigo na kuwahi ndege. Kitanda cha hoteli kilikuwa kama kilivyotandikwa. Nimejifunza kwamba swali nililomuuliza Kassimu halikuwa la kuulizwa mtu mwingine: mji alimo mwanao haupimwi kwa saa. Ravenna inastahili usiku, na safari ijayo Nuru na mimi tutalala huko siku zote. Hoteli euro themanini na tano, tiketi ya kurudi iliyopitwa na siku euro nane. Hasara yote, euro tisini na tatu.