Mastiki Shavuni

Fundi anapaka mastiki ya kushikiza kioo kwenye dirisha la jikoni mwangu, na ile harufu yake ya mafuta inanirudishia kiganja cha papa, baba yangu.

Papa alitunza vioo vya rangi vya kanisa letu, kule Makiso. Siku moja, nikiwa mtoto, papa akipaka mastiki, nilimshikia daftari alimochora kila dirisha, kipande kwa kipande, kwa ajili ya asiransi, wale watu wa bima. Askari mmoja akaingia, akanipokonya.

“Hii plan ni ya nani?”

“Ya asiransi, chef. Kama vioo vinavunjika, banalipa.”

“Nani atavunja? Inchi iko na amani. Ao unajua kitu?”

Siku zile, kutaja vita kulitosha kumpoteza mtu. Papa akaninyooshea kidole.

“Ni huyu mutoto yangu, chef. Anatupaka majiwe ku madirisha.”

Akanizaba kofi, mkono umejaa mastiki.

Sikuwahi kutupa jiwe hata moja. Lakini niliyaona macho ya papa.

“Pardon, papa,” nikasema. “Sitarudilia.”

Askari akacheka, akaangusha daftari sakafuni, akaenda zake.

Nyumbani mama alitaka kuninawisha. Papa alikataa. Aliitoa mwenyewe mastiki shavuni mwangu, polepole, kwa kitambaa chake cha kufutia vioo.