Theluji ya Mama Ilikuwa na Buluu

Kaka yangu hakukusudia ubaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Mtu aliyekukosea kwa makusudi unaweza kumfokea ukapumua. Aliyekukosea huku anatabasamu, na fremu ameikumbatia kifuani, utamfanya nini? Nimemnunia tangu siku ile. Yeye huja na viazi karai kwenye karatasi, akaniuliza kama mguu umepona, akaenda zake.

Nianze na pazia. Mama yangu alikuwa mpiga picha wa wanawake. Chumba chake cha kazi kiko chini ya nyumba yetu, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, na hakuna mwanamume aliyevuka kizingiti chake saa za kazi, hata baba. Wanawake waliingia, wakavua mabuibui, wakatengenezana nywele, wakaketi kwa raha zao, kwa sababu walijua picha zile hazitapita mikononi mwa mwanamume yeyote. Mama aliziosha mwenyewe katika kijichumba cha giza nyuma. Mabibi arusi wa Bondeni na wa mitaa yetu yote walipita hapo, na karibu wote walitaka kuketi mbele ya pazia la theluji.

Theluji hiyo aliichora mama. Alishona vipande vya kitambaa cha marekani mpaka vikaenea ukuta mzima, akachora milima akiiga kalenda ya zamani iliyochapwa kwa wino mweusi mtupu. Umbo alilipata kwenye kalenda. Rangi ilibidi aitafute kichwani mwake. Akawaza kanzu za baba za Ijumaa, ambazo hazikuwa nyeupe za kupendeza mpaka zisuuzwe kwa maji yenye buluu ya kufulia. Basi akakoroga buluu ileile, akaipitisha kwenye mabonde na kwenye vivuli vya vilele. Nilikuwa mdogo, nimeshika kopo. Nakumbuka alirudi nyuma hatua chache, akaegemea mlango, akasema, "Sasa yapuliza baridi." Na kweli, katika joto lile la Mombasa, mtu akiingia chumbani humo alikuwa akijikunyata kwa mzaha.

Halafu akaja mama mmoja, shangazi wa bibi arusi, aliyekuwa ameishi Ulaya. Alisimama mbele ya pazia, mkoba kwapani, akacheka. "Theluji gani hii ya buluu? Theluji ni nyeupe, mwanangu. Hii ni kanzu iliyozidishwa buluu." Wanawake wote wakaangua kicheko. Mama pia alicheka, maana ndivyo mwenye nyumba anavyotakiwa kufanya. Lakini maneno yale yalizunguka mji. Mabibi arusi wakaanza kuuliza kama hakuna pazia jingine, la maua au la hariri. Mama akalikunja pazia lake, akalisimamisha pembeni nyuma ya kabati, na likakaa huko miaka.

Hakulisahau. Alipoambiwa na daktari kwamba ni presha ya macho, kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafifia, na kwamba kilichopotea hakirudi, hakulia. Alitaka kitu kimoja tu. "Nami nataka kujua," aliniambia, "kabla sijazimikiwa. Ile theluji ina buluu au haina? Enda ukanipigie picha. Mato yangu yakiwa yangali yaona."

Mimi ndiye niliyerithi kazi yake, nikabaki na wanawake wangu, kumbi zangu za sherehe za kupamba bibi arusi na kamera ya kisasa. Mlima Kenya nilikuwa nimeuona kwenye noti na vitabu vya shule tu. Nikasema nitakwenda. Kaka akasema atanipeleka, niache kila kitu mikononi mwake. Hapo ndipo iliponipasa kukimbia.

Kaka anafanya kazi kwenye yadi ya makontena Shimanzi, na ana maneno matamu. Gari alilosema ni zima kama chuma lilikuwa pikapu ya yadi yenye rejeta inayovuja. Asubuhi ya safari tulinaswa palepale Shimanzi, lori limekwama kwenye lango na jingine nyuma yetu linapiga honi, mpaka jua likatupiga utosini. Kaka alishuka akanunua kahawa, akapiga soga na madereva. Mimi nimekaa nimeshika begi la kamera, nasaga meno.

Kabla ya Mtito Andei rejeta ikachemka. Tukasimama kando ya barabara, malori yanatupita na upepo wao unatikisa gari. Ikachemka tena mbele. Nikamuuliza kama hakuiangalia kabla ya kutoka. "Niliiangalia," akasema, "ilikuwa nzuri tu." Kwa kaka yangu kila kitu ni kizuri tu mpaka kikuangukie.

Nguo za baridi alinunua yeye, mtumba. Jaketi langu zipu yake ilifika kifuani ikagoma. Buti zilionekana imara, ngozi nene, soli nene, nikazisifu. Sisi watu wa ndara na viatu vya wazi tutajuaje kwamba gundi ya buti huchacha kama maziwa, kwamba kiatu kinaweza kukaa miaka ghalani kikapendeza machoni na huku soli yake imekwisha kufa? Mwongozaji wetu, kijana wa hukohuko mlimani, alizibonyeza kwa kidole akanyamaza. Laiti angesema. Alikuwa na adabu kupita kiasi.

Kwenye kibanda cha kwanza cha wapanda mlima kaka akashikwa na kichwa. "Kitwa chanipasuka," akasema, amejifunika mablanketi mawili. "Enenda wewe. Mimi nitakungoja hapa, nitakuombea." Alibaki na jiko na chai. Nilipogeuka nyuma mara ya mwisho alikuwa anawasimulia wapagazi habari za Mombasa, na wao wanacheka.

Nikapanda na mwongozaji. Sitajisifu. Nilitapika, nililia, nilimtukana kaka kwa kila hatua niliyokuwa na pumzi ya kutosha. Stendi ya kamera ilimponyoka mpagazi ikateremka korongoni, tukaisikia inagonga mawe mpaka ikanyamaza. Baridi ilimaliza nguvu za betri, ikabidi nizibebe kwapani kama mtu anayepima homa. Mawingu yalikaa juu ya vilele siku nzima, mazito. Nikamuuliza mwongozaji yatatoka lini, akaniambia kwa upole, "Hiyo hakuna mtu anajua, dada."

Asubuhi iliyofuata yalitoka. Jua lilikuwa linachomoza upande wa pili wa ukingo, na sisi tulikuwa bado kivulini. Mbele yetu kulikuwa na bonde lililojaa theluji iliyoanguka usiku. Nikanyanyua kamera, nikaishusha. Nikaivua miwani, nikaifuta, nikatazama tena kwa macho matupu.

Ilikuwa buluu.

Si yote. Juu, pale miali ilipogusa, ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho. Lakini bondeni na kwenye kila shimo la kivuli ilikuwa buluu, ileile ya beseni la kufulia, palepale mama alipoipitisha kwa brashi. "Ni ya kawaida?" nikauliza. "Kwa kivuli huwa hivyo," mwongozaji akasema, akishangaa swali. Nikapiga kelele kwa hasira. Nilimkumbuka yule shangazi na mkoba wake. Alikuwa ameishi kwenye theluji, na hakuwahi kuitazama! Nikapiga picha mpaka vidole vikafa ganzi, na sikugusa chochote kwenye kamera kilichohusu rangi. Nilitaka iende kama ilivyo.

Wakati wa kuteremka, soli ya buti la kulia ilibanduka ikaachana na kiatu. Mguu ukateleza, kifundo kikageuka, nikasikia kitu kinakatika ndani. Wakanibeba. Hospitalini Nanyuki walinifunga, wakaniambia nisithubutu kusafiri mpaka uvimbe upungue. Siku hiyohiyo nikapigiwa simu na jirani kwamba mama amegonga mlango kwa uso, kwamba jicho limezidi kufifia, anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa.

Picha haikuweza kuningoja mimi. Kwenye kioo cha simu mama hakuona chochote, alihitaji karatasi kubwa na mwanga wa dirisha. Nikampa kaka kadi ya kamera. Nikamwonyesha picha ni ipi. Nikamwambia maneno haya, nayakumbuka neno kwa neno, "Ichapishwe kubwa, kama ilivyo. Mtu asiguse rangi."

"Wanifanya mtoto?" akasema. Akanibusu kichwani, akaondoka.

Duka alilokwenda ni duka zuri, wanatengeneza albamu za harusi za nusu ya mji. Sitalitaja. Kazi yao ya kila siku ni gauni jeupe. Kumbi zetu zina taa za rangi, gauni linatoka na ubuluu au umanjano, na wao wanalirudisha jeupe, kwa sababu mama wa bibi arusi akiliona gauni la buluu atavunja duka. Mikono yao imezoea hivyo. Wakaiona theluji yangu, wakamwambia kaka, "Hii imeingia buluu, tukuondolee?"

Na kaka akasema, "Ondoeni. Nataka itoke safi, ni zawadi ya mama."

Ningekuwa na miguu miwili siku ile, ningemrarua.

Niliyajua haya niliporudi tu. Nilipanda kichochoro kwa mkongojo, na kabla sijafika mlangoni nikasikia harufu ya rangi ya ukuta. Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa wazi. Pazia lilikuwa limetundikwa tena ukutani, baada ya miaka yote ile, na mama alikuwa mbele yake, kanga kiunoni, brashi mkononi, anapapasa ukingo kwa kidole na kupaka akikifuata. Alikuwa amekwisha kulipaka karibu lote. Nyeupe. Mabonde yake, vivuli vyake, vyote vimezikwa.

"Mama, wafanya nini?"

"Ushakuja? Ndoo hapa, ndoo uketi, pole na mguu." Akanigeukia, rangi imemrukia kwenye nyusi. "Nimeiona, mwanangu. Nduguyo aliniwekea picha dirishani. Nyeupe, nyeupe tupu. Yule mama alisema kweli, nasi tukamchukia bure. Nimeona haya kufa niache uwongo ukutani."

Fremu ilikuwa juu ya meza. Nikaitazama. Theluji nyeupe kama sahani. Mbingu imekuwa na rangi ya chai ya maziwa na mawe yamekuwa ya kahawia kama mkate, mtu yeyote mwenye macho angejua pana kitu kimechezewa. Lakini mama haoni pembeni tena. Alichungulia katikati, na katikati palikuwa peupe.

Sikumbuki yote niliyosema. Najua nilipiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Nilikwenda kwenye duka hilohilo kwa mkongojo wangu, nikasimama nyuma ya kiti cha fundi mpaka picha ya kweli ikatoka, buluu yake yote ndani. Nikampelekea mama dirishani asubuhi, jua likiwa zuri.

Aliisogeza karibu na pua. Akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia, akiitafuta kwa tundu lake lile. Nikaona uso wake unalegea, nikadhani tumefika.

"Wewe," akasema, anatabasamu, "umenitilia buluu."

"Wallahi sikutia kitu, mama. Ile ya kwanza ndiyo iliyoharibiwa. Waliitoa buluu dukani."

"Watu wa duka watoe buluu kwenye theluji, wana kazi gani na theluji?"

Nikamwita kaka. Nikamshika mkono nikamsimamisha mbele yake. "Mwambie. Mwambie ulichowaambia."

Kaka akasema yote, ameinamisha kichwa, sauti haisikiki vizuri. Alisema kweli kwa mara ya kwanza tangu Shimanzi, bila kupamba. Na mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampapasa shavu.

"Nduguyo amekufunda la kusema," akamwambia. "Nyote wawili mna huruma, Mungu awalipe. Lakini msinidanganye kwa kuwa sioni."

Niliapa. Nilileta simu nikampigia mwongozaji, naye akasema kivulini huwa ya buluu, na mama akamshukuru kwa adabu zote, akamuuliza hali ya wazee wake, na alipokata simu akacheka. "Hata huyo mumempanga." Kila ushahidi nilioleta ulizidi kumthibitishia kwamba anapendwa. Sijawahi kuona ukuta mgumu kama huo. Nilitoka nikaketi ngazini, nikapiga mkongojo kwenye jiwe mpaka mpira wake ukachomoka.

Ijumaa akavaa vizuri, akajitia udi, akataka nimpige picha yeye mwenyewe. Mbele ya theluji, akasema, sasa imekuwa ya kweli. Nikamwekea kiti. Nikarudi nyuma, nikaegemea mlango. Nikamtazama ndani ya kamera. Nyuma ya mabega yake rangi mpya ilikuwa imekauka, na buluu ya kufulia ilikuwa imeanza kupenya kutoka chini, kidogokidogo, bondeni na kwenye vivuli, palepale ilipokuwa.

Nikapiga.

"Imetoka nyeupe?" mama akauliza, hajageuza kichwa.

"Nyeupe pe, mama," nikamwambia, na hilo akaliamini.