Mpeleka Barua na Kilti Mbili

Mpeleka barua alijua kukaa kabla ya kujua kushona. Darasani kwa Bibi Ishbel, mwalimu wa ushonaji, alipanga mto mgongoni na kigoda miguuni, kisha akalaza mapajani kilti, sketi ya wanaume, atakayovaa mwanawe harusini kesho. Alishona ulimi ukiwa nje. Mwenyewe alivaa kilti yake kuukuu, yenye mirabaraba ileile ya ukoo. Alipomaliza mkunjo wa mwisho akainuka kwa madaha kuionyesha. Ikaning'inia kwenye ile kuukuu.

"Baba wee, umezishona pamoja!" Ishbel akashika kichwa. "Haya, vua nizitenganishe."

Mpeleka barua akawatazama wanawake sita waliokuwa darasani. Ndani hakuvaa kitu, kama babu zake. Akaketi taratibu, akauweka mto sawa.

"Mwambieni kijana wangu," akasema, "kesho tunaoa pamoja."