Mdomo wa Akiba

Mtungi wa hewa wa mzamiaji una mipira miwili yenye midomo. Mmoja unaupumua wewe. Wa pili ni wa akiba, na kwa kweli si wako: ni wa mwenzako atakayeishiwa hewa chini. Kwa hiyo sharti ukae mahali anapouona na anapoweza kuuchomoa kwa mkono mmoja. Nilifundishwa hivyo, nikaelewa, na bado nikafanya nilivyofanya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nilikuwa karani wa ghala katika shamba la mkonge, nikapunguzwa pamoja na wengi. Madukani sabuni na sukari zilianza kuonekana tena, ila sisi hatukuwa na cha kununulia. Mhindi mmoja mwenye duka Usagara akapata wanunuzi wa majongoo ya bahari huko nje, akaleta mitungi iliyokwishatumika, akatafuta watu wa pwani wasioogopa maji. Nimezaliwa Kigombe, nikaenda. Nikamchukua na mlamu wangu, ndugu mdogo wa mke wangu, kijana aliyekuwa akikaa kwetu Chumbageni.

Tajiri wetu huyo alitupatia pete za mpira zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Pete unaivaa shingoni kwa kamba, mdomo wa akiba unakaa ndani yake chini ya kidevu, na ukivutwa kidogo unatoka. Wenzetu wengine waliuchomeka kwenye mfuko wa koti, wengine wakauacha uning'inie ubavuni. Lakini kuokota majongoo ni kazi ya kuinama, tumbo karibu na mchanga, na pete zile zililegea upesi. Mdomo ulianguka, ukaburuzwa matopeni, ukajaa mchanga, na jioni tajiri akatugombeza mbele ya watu. Nikachoka kugombezwa. Nikakata kipande cha mshipi wa kuvulia, nikaufunga mdomo wangu kwenye mkanda wa kifuani kwa fundo alilonifundisha baba tulipokuwa tukishona nyavu, fundo ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza.

Mlamu aliliona asubuhi moja tukiwa ndani ya boti.

"Mlamu, hapo umefunga mdomo au umefunga mbuzi wa wizi?"

"Wako unalamba mchanga kila siku. Wangu msafi."

"Msafi wa nini, kama hautoki?"

"Wewe chunga hewa yako, usije ukaniomba."

"Nikuombe wewe? Hata sigara wavutia chooni nisikuone!"

Mwendesha boti alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Kisu nilikuwa nacho mguuni; nikajiambia likitokea lolote nitakata.

Tulizamia nje ya mwamba, penye kina, kwa sababu majongoo ya karibu yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nimeinama najaza mfuko wangu nilipohisi navutwa kifuani. Alikuwa yeye. Ameshika mdomo wangu wa akiba kwa mikono miwili, anavuta, na fundo linakaza. Macho yake nyuma ya kioo yalikuwa makubwa. Nikapapasa kisu, kikakwama kwenye ala.

Ningeweza kuutoa mdomo niliokuwa naupumua, nikampa avute mara mbili, kisha anirudishie. Hilo nalo tulifundishwa. Na sikulisahau. Nililiwaza, nikauuma mdomo ule kwa meno, nikaendelea kupapasa kisu.

Aliniachia, akachomoka kwenda juu. Aliyekaa kwenye kina kile hapaswi kupanda kwa kasi. Hewa aliyoivuta chini inamharibu mwili. Nilipofika juu alikuwa amelazwa botini, anauliza miguu yake iko wapi. Hospitali walimpokea vizuri, lakini mashine ya kutibu ugonjwa ule haikuwepo Tanga, wala hatukujua wa kumwomba atusafirishe.

Nilimwambia mke wangu kwamba mpira ulikwama. Huo ulikuwa ukweli, nami nikajificha ndani yake.

Tulimuuguza nyumbani. Tulimgeuza kitandani kwa zamu, tukamwosha vidonda vya mgongo. Hakuwahi kuitaja siku ile mpaka alasiri moja, dada yake ameenda sokoni.

"Mlamu, kule chini wewe ulikuwa na hewa?"

"Nilikuwa nayo."

"Ya kututosha sote wawili?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akageuza uso ukutani.

Tangu hapo hakuniita tena. Alipotaka kugeuzwa alimngoja dada yake, hata kama hayupo nyumbani na mimi nimekaa pale pale kando ya kitanda. Nikimshika bega alilikaza. Alingoja huku akiuma shuka kwa maumivu, nami nikamtazama akingoja. Mvua za vuli hazijakatika, tukamzika.

Mke wangu mpaka leo huwaambia wageni kwamba nilimuuguza nduguye kama niliyezaliwa naye tumbo moja. Wageni hunipa pole. Nami huipokea.